Edelmira Wachnik na Chokaa ya Mwaka 1984

Ndugu, jamaa na majirani mliofika hapa Apóstoles, familia inawasomea maisha ya marehemu Edelmira Wachnik, aliyezaliwa tarehe 9 Machi 1951 huko Tres Capones, mtoto wa tatu wa mzee Estanislao Wachnik na Bi. Paulina, wakulima wa mate, mti ambao majani yake hukaushwa na kunywewa kama chai.

Marehemu alisoma shule ya msingi kijijini kuanzia 1958 hadi 1964, sekondari mjini Posadas, kisha chuo cha kilimo mjini Corrientes, alikohitimu mwaka 1976, na aliporudi wakulima walimwita Injinia, kama waitwavyo huku wahitimu wa kilimo, baadhi kwa heshima, baadhi kwa kumtania.

Mwaka 1977 aliajiriwa na chama cha wakulima kuwa mshauri wa udongo, na tarehe 17 Februari 1979 alifunga ndoa na Nicanor Sotelo, dereva wa lori la majani, wakajaliwa watoto wawili, Lidia na Evaristo.

Mwaka 1984, vipimo vilipoonyesha tindikali kali kwenye udongo, aliwashauri wakulima kumi na mmoja wamwage chokaa ili kuipunguza, kama alivyofundishwa kuhusu mahindi na ngano, lakini mate ni mti wa msituni uliozoea tindikali, hivyo mizizi ikashindwa kufyonza madini ya chuma, majani machanga yakawa manjano, na mavuno yakashuka kwa nusu. Mumewe alimwambia, "Sema ni ukame, nani atajua?" naye akajibu, "Mimi nitajua." Alizunguka nyumba zote kumi na moja akikiri kosa, na mzee Prokopio Hrycak alimsikiliza mlangoni, akasema, "Injinia, shamba langu si daftari lako la mazoezi," kisha akafunga mlango.

Hakuacha kazi. Alimwomba baba yake ekari nne zilizochoka, na kwa miaka tisa alipima naitrojeni na potasiamu zinazoondoka na kila gunia la majani, akarudisha kiasi hichohicho kwa mbolea, akaacha matawi yaliyopogolewa yaoze kati ya mistari, akapanda kunde mahali palipozoeleka kufyekwa na kuachwa peupe, na kufikia 1993 miti ile ilizaa mara mbili ya miti ya jirani. Msimu huo mzee Hrycak alisimama kwenye uzio, akaitazama miti ile, akasema, "Haya, binti, kesho njoo kwangu. Chokaa uiache kwenu."

Alistaafu mwaka 2013. Novemba 2018 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho, akatibiwa Posadas, na akafariki nyumbani kwake asubuhi ya tarehe 14 Juni 2019, akiwa na miaka sitini na minane, akiacha mume, watoto wawili na wajukuu wanne.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliopika tangu juzi, na wenzake wa chama, na kwa namna ya pekee wavunaji, ambao wanajua kuwa jani lililokatwa lisipofika kwenye tanuri la kukaushia siku hiyohiyo huharibika, na bado leo wameacha mizigo shambani, wakaja.

Edelmira, kazi yako tumeiona. Pumzika sasa, kwa amani.