Nani Alisimamia Daraja la Antacalla

Mgeni rasmi, Injinia Leoncio Barrionuevo, Mkuu wa Ofisi ya Ujenzi ya Mkoa; Mkuu wa Kitivo chetu, Daktari Tejada; walimu wetu, wazazi wetu mlioshuka milimani tangu jana na mizigo mgongoni: sisi wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa uhandisi wa ujenzi tunasimama mbele yenu tukiwa wazima, tumevaa vizuri, na tuna la kusema.

Hermelinda Ccorahua, aliyechaguliwa na darasa kusoma risala, alisoma mpaka hapo akainua macho. Hilo "tuna la kusema" halikuwemo katika risala ambayo Daktari Tejada aliipitia kwa kalamu nyekundu. Ile ya Daktari ilikuwa imelala kwenye mkoba wa mwanafunzi mwenzake, Wilber Ancco, tamu kama uji wa mgonjwa, imeondolewa kila chenye mfupa. Hii aliyoishika ndiyo waliyoiandika upya darasa zima, wakabishana, wakanuniana, wakapatana. Daktari aliinua uso, akakunja kipaji, kisha akajipa moyo kwamba labda amesahau. Wakubwa hujidanganya hivyo wanapokuwa mbele za watu.

Mgeni rasmi yeye alikuwa akitabasamu. Na kwa nini asitabasamu? Huku kwetu darasa linalohitimu humchagua mtu mwenye cheo awe mlezi wake, na darasa likachukua jina la mtu huyo milele. Mialiko ilishachapwa: Darasa la Injinia Leoncio Barrionuevo. Mtu akipewa heshima kama hiyo, halafu akaletewa keki ya ghorofa tatu, lazima meno yaonekane.

UKARIBISHO

Mgeni rasmi, karibu sana. Tulikuchagua wewe kwa sababu jina lako tunaliona barabarani, kwenye mifereji, kwenye mabango ya shule. Tulisema, huyu ni mjenzi, na sisi tunataka kuwa wajenzi, basi atulee. Wakati ule hatukujua yote tunayoyajua leo. Hata hivyo umefika, na mgeni akifika kwetu hupewa kiti na huambiwa ukweli.

Kule nyuma walikoketi watu wa kijiji cha Antacalla, Mama Justina, mama yake Hermelinda, alikuwa ameshika kofia yake mapajani. Kihispania chake ni cha sokoni tu, cha kupunguziana bei ya sufu. Jirani yake, Mzee Teófilo, mwenyekiti wa kijiji, alikuwa akimtafsiria kwa Kikechua, lugha yao ya milimani, kwa sauti aliyodhani ni ya chini.

HISTORIA YETU

Tulipoanza tulijaa ukumbi huu wote. Leo tunatosha kwenye viti vya mbele. Hisabati ya mwaka wa kwanza iliondoka na wengi, fizikia ikabeba wengine, na mekanika ya udongo ikamaliza waliobaki na kiburi. Wenzetu hao wako migodini, wako sokoni, wengine wanalea. Hawakuwa wajinga. Walikuwa na njaa, na mtihani hauulizi umekula nini.

MASHARTI TULIYOTIMIZA

Mgeni rasmi, shahada hii ina masharti, na hatujaomba hata moja lilegezwe. Tuliambiwa tufaulu masomo yote, nasi tumefaulu. Tumepima ardhi kwenye mvua ya mawe. Tumechekecha mchanga mpaka pua zikajaa udongo. Tumevunja vipande vya zege kwenye mashine kujua vinabeba kiasi gani, na kila kimoja tulikivunja kwa wasiwasi kana kwamba ni mfupa wa ndugu. Tuliambiwa tujue lugha ya pili, tukaijua. Wenzetu wa mjini walichagua Kikechua wakidhani ni rahisi, waulizeni kilichowapata.

Kicheko kilipita kule nyuma, hasa miongoni mwa akina mama wenye kofia, baada ya Mzee Teófilo kukitafsiri kipande hicho na kukiongezea chumvi.

Tuliambiwa tuandike tasnifu na kuitetea mbele ya jopo. Tumeitetea. Mwenzetu mmoja aliandika juu ya daraja la waenda kwa miguu linaloning'inia kwa kamba za chuma, na jopo likampa alama za juu kuliko sisi sote.

Hapo Hermelinda alihisi masikio yanamwaka. Mwenzetu mmoja alikuwa yeye. Alikataa kuisoma sehemu hii, akasema itaonekana anajipigia debe, lakini darasa lilimkatalia katakata. Wilber alimwambia, "Wewe ndiye umeonewa, halafu tukusemee sisi? Soma mwenyewe, waone sura."

CHANGAMOTO

Daktari Tejada alikohoa. Kichwa hicho alikuwa amekifuta chote, na kando ameandika: siku ya furaha, si siku ya malalamiko. Alimfanyia Hermelinda ishara ya mkono, ile ya kumfukuza kuku. Hermelinda aliiona vizuri sana. Akapiga moyo konde, akaendelea.

Mgeni rasmi, sharti la mwisho ni mafunzo ya kazini. Mwanafunzi afanye kazi ya ujenzi chini ya injinia aliyesajiliwa, na injinia huyo atie saini. Wengi wetu tulipata kampuni za kutupokea. Mwenzetu huyu alizunguka kote akaambiwa kwenye ujenzi hakuna choo cha wanawake. Kwingine aliambiwa mafundi watashindwa kufanya kazi kwa kumtazama. Basi akarudi kijijini kwao Antacalla, ambako mto ulikuwa umebeba daraja, na watoto walivuka kwenda shule ndani ya kikapu kilichofungwa kwenye kamba. Akalijenga daraja la tasnifu yake. Si kwenye karatasi. Mtoni.

Watu wa mjini hawajui jambo hilo lilivyomtoa jasho. Kazi ilifanywa Jumapili, kazi ya pamoja ambayo kila nyumba hutoa mtu wake, na Antacalla ina desturi kwamba msingi wa kitu cha wote hutupiwa jiwe na kila nyumba, ili nyumba zote ziwe ndani. Siku ya kumwaga zege la nanga ya kwanza, pale kamba zitakapofungwa, Hermelinda alikuwa ng'ambo akipima kimo cha nguzo. Aliporudi alikuta watu wamefurahi, mawe yametupwa shimoni na matope yake, makubwa kama vichwa vya ng'ombe, na zege limemwagwa juu likasawazishwa vizuri kama kitanda cha mgeni. Hakulala vizuri juma hilo lote. Jumapili iliyofuata alibomoa ubao wa pembeni, akachokonoa, nondo ikazama kwenye tundu kama kwenye jibini. Zege halikuwa limeshika kwenye mawe yenye matope; akasema nanga ivunjwe.

Hakuna aliyeshika nyundo. Mzee Teófilo alimtazama toka juu hadi chini, akamwambia, "Wewe mtoto wa Justina, unataka tuzitoe nyumba zetu msingini? Nani kakupa mamlaka hayo?"

Hermelinda hakurudi nyuma. Akajibu, "Hakuna aliyenipa, mzee. Ila daraja likianguka na watoto, mtakuja kuniuliza mimi. Basi niulizeni sasa."

Akaokota nyundo, akaanza peke yake. Mama yake ndiye aliyekuwa wa pili. Mpaka jioni wanakijiji walikuwa wamevunja kila kitu kwa hasira, wakisonya, na kila familia ikilitambua jiwe lake na kulivuta kando. Mawe hayo aliwaambia wayaoshe, akayajenga kwenye ukuta wa njia ya kupandia darajani, mahali ambapo jiwe kubwa ndilo linalotakiwa. Nyumba zote zikawa ndani. Zege likamwagwa upya, bila matope, naye akiwa amesimama kando yake kama askari. Kwa majuma kadhaa kijiji hakikumsalimu. Siku ya majaribio walipanga magunia ya viazi kutoka mwanzo wa daraja hadi mwisho, sakafu ikashuka kiasi kile kile alichokuwa amekiandika, ikakaa. Mzee Teófilo akaja kumsalimia kwa mikono miwili.

Haya yote risala iliyaeleza kwa maneno machache, kwa sababu Hermelinda alikataa yawe marefu. Kisha ikafika pale ambapo darasa liligombana sana kuhusu namna ya kuandika, wakaishia kuandika wazi.

Mgeni rasmi, mafunzo ya mwenzetu yamekataliwa. Kitivo kimeandika kwamba daraja la Antacalla halikuwa na injinia msimamizi, kwa hiyo kazi yake haihesabiki na hatahitimu nasi leo. Sisi tulikubali kwamba kanuni ni kanuni. Halafu tukaenda Antacalla kuliona daraja. Kwenye nguzo ya upande wa barabara kuna kibao cha shaba. Kimeandikwa: Kazi hii ilisimamiwa na Injinia Leoncio Barrionuevo.

Shingo zote ziligeuka. Tabasamu la mgeni rasmi lilibaki usoni, ila sasa halikuwa na mwenyewe.

Ni wewe uliyekata utepe na kuvunja mtungi wa chicha, pombe yetu ya mahindi, pale darajani. Picha zako zimetoka. Sasa tunauliza, na hatuulizi kwa utovu wa adabu: daraja hili lina injinia au halina? Wakati wa kusifiwa linaye, wakati wa kumpa mwanafunzi haki yake halinaye. Sisi tumefundishwa hesabu humu ndani, na hesabu hii haitoki.

MAOMBI

Tuna ombi moja. Utamke hapa, mbele ya watu wa Antacalla, nani alisimamia daraja lao. Hatuombi fadhila. Tukiisha kusikia jibu lako, ndipo tutakaposoma jina la darasa letu.

Hermelinda alishusha karatasi. Shingo aliikaza.

Daktari Tejada aliruka kushika kipaza sauti, akaomba radhi kwa vijana, akataja ujana na jazba. Mgeni rasmi akamzuia kwa mkono. Hakufika pale alipofika kwa upumbavu. Alisimama, akafunga kifungo cha koti, akacheka kidogo kama baba aliyechokozwa na wanawe. Akasema kulikuwa na uzembe wa karatasi tu, kwamba wasaidizi wake walisahau, na kwamba yeye hapendi kuona kijana anakwama. Akatoa kalamu mfukoni. Akasema iletwe hiyo fomu, atie saini sasa hivi kwamba alimsimamia binti huyu, na mambo yaishe wakakate keki.

Makofi yakalipuka. Daktari alipiga makofi kuliko wote. Mama Justina, alipotafsiriwa, alifunika mdomo kwa kofia, na Hermelinda alimwona toka kule mbele. Mambo yalikuwa mepesi hivyo. Kunyamaza tu, na shahada ni yake, na mama anarudi mlimani na furaha yake. Alitamani kunyamaza. Alitamani sana, asikudanganye mtu.

Badala yake akauliza, "Injinia, utaandika ulikuja siku zipi?"

"Hayo ni mambo madogo."

"Kitivo kinazitaka. Na siku ya nanga kuvunjwa, utaandika ulikuwa wapi?"

Kabla hajajibu, Mzee Teófilo alisimama kule nyuma bila kuombwa, kofia mkononi. Alisema kwa Kihispania chake cha kuungaunga, polepole, kwamba Antacalla walikuwepo kila Jumapili, wake kwa waume, na bwana huyu walimwona siku ya mtungi. Alikunywa nao, akacheza vizuri. Siku nyingine hawakumwona. Akaketi.

Injinia Barrionuevo alimgeukia Hermelinda, na sasa sauti ilikuwa haina sukari. "Binti, unataka shahada au unataka ugomvi?"

"Nataka shahada," akasema Hermelinda. "Nimeitafuta nusu ya umri wangu, Injinia, usidhani siitaki. Lakini ukitia saini hiyo, daraja linakuwa lako kabisa, na mimi nitakuwa wa kwanza kulitolea ushahidi wa uongo. Andika ulichokiona. Andika kwamba ulilikuta limesimama."

Mgeni rasmi aliitazama kalamu. Watu walimsubiri. Angeweza kuandika mstari mmoja tu. Akairudisha mfukoni, akaketi, akaanza kutafuta kitu kwenye simu yake.

Daktari Tejada alichukua kipaza sauti, uso umemwiva. Akatangaza kwamba kwa kuwa mwanafunzi mwenyewe amekataa kusaidiwa, kanuni itafuatwa: Hermelinda Ccorahua hahitimu leo, na ashuke jukwaani. Hermelinda akasema sawa, Daktari. Hapo ndipo alipolia, bila sauti, akijifuta kwa kiganja, huku akitafuta ngazi kwa mguu.

Wilber Ancco aliinuka kutoka kiti cha mbele. Hili halikuwa kwenye risala yoyote, wala halikuwa limepangwa; Hermelinda mwenyewe alishangaa.

"Daktari, na yangu isihesabiwe," akasema. "Mimi saini yangu ni halali, ina mhuri na kila kitu. Miezi yote ile nilichemsha kahawa na kuosha gari la bosi. Zege sikuligusa. Kama ya Hermelinda ni batili, yangu ni nini?"

Akavua utepe wa kuhitimu shingoni, akauweka mezani, karibu na keki. Msichana aliyekaa naye akasimama, akasema yeye alifungua na kufunga geti. Mwingine alimfanyia mtoto wa meneja kazi za shule. Mwingine hakusema kitu, alivua tu. Wakaendelea kusimama, wengine wakilia kwa uchungu wa wazazi wao waliokuwa wakiwapungia mikono waketi, mpaka viti vya mbele havikuwa na mwenye utepe. Baba yake Wilber alitoka nje akigonga mlango. Wilber alimwona, akauma midomo, lakini hakuketi.

Kisha akapanda jukwaani, akamshika Hermelinda mkono asishuke, akachukua karatasi. Katika mstari wa mwisho, nafasi ya jina la darasa ilikuwa imeachwa wazi. Aliwatazama wenzake kwanza, wakamwitikia kwa vichwa. Ndipo akasoma:

Mgeni rasmi, asante kwa kufika, na Mungu akufikishe nyumbani salama. Awabariki wazazi wetu, awape subira nasi. Aibariki mikono ya watu wa Antacalla. Ni sisi, wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa uhandisi wa ujenzi, Darasa la Hermelinda Ccorahua, ambao hatuhitimu leo.