Lori la Burhani na Vifaru vya Ulaya

Benchi letu, tukitumia neno kwa uangalifu, si benchi. Ni kiti cha abiria cha lori, cha watu watatu, kilichong'olewa na kuegemezwa kwenye ukuta wa saluni ya Célestine, hapa Troyeville, Joburg, mtaa unapoteremka kuelekea kwenye robot, yaani taa za barabarani. Kilitoka katika lori la kijani la Burhani, tuliloliita Bi Mkubwa. Burhani, jirani yetu, alikitoa mwaka 2008, wageni tulipokuwa tunashambuliwa, ili watoto wa majirani wapate pa kulala ndani ya kabini yenye milango inayofungika, na hakukirudisha tena. Mwenye birika la shaba na vikombe ni Mselem, mtu wa Tanga, ambaye kwa kuwa redio haimtoki sikioni anaitwa Redio. Pembeni yake hukaa Damien, mzaliwa wa Uvira, mlinzi wa lango la duka kubwa la vyakula, mwenye sare ya vifungo vya dhahabu. Huyo ni Jenerali. Wa tatu ni mimi. Nilisoma sheria Dar es Salaam, na kwa sababu huuliza kila jambo limeandikwa wapi, nimepewa jina la Kifungu. Jumamosi ninayoisimulia tulikuwa na habari mbili. Ya kwanza ilitoka redioni: Wamarekani wanaondoa vifaru vyao Ulaya. Ya pili ilikuwa mbele ya macho yetu: ng'ambo ya njia, mahali pa Bi Mkubwa, palikuwa na doa jeusi la mafuta. Burhani alikuwa amerudi Tanga kabisa, asirudi tena, siku ya Alhamisi, na lori lilikwenda Polokwane na mnunuzi wake.

– Wanaondoka! Mselem alitangaza kabla hajamimina. Brigedi nzima. Ulaya imebaki uchi!

– Chanzo? nikauliza.

– Redio.

– Redio ilimnukuu nani? Kuna amri iliyotiwa saini, au kuna ofisa asiyetaka kutajwa jina?

– Kifungu, ndugu yangu, kunywa kwanza. Hata chanzo cha kahawa utauliza?

– Nilishauliza. Ulisema Bukoba, pakiti ikasema Vietnam.

Damien alicheka, ingawa alikuwa bado anahema. Kilima cha kutoka Observatory humchosha hata anapoteremka.

– Basi tukubali wanaondoka, nikasema, kwa ajili ya mjadala tu. Nakumbusha kwamba mwaka 2013 vifaru vya mwisho vya Marekani viliondoka Ujerumani, watu wakaandika maombolezo, na haukupita mwaka vikapelekwa vingine. Kuondoka kwao kumewahi kuwa na marejeo.

– Safari hii hawarudi, akasema Mselem. Ni mafuta. Wewe unajua kifaru kinavyokunywa? Kinakunywa kama wageni wa harusi wasiojulikana upande waliotoka. Mjerumani kachoka kukaribisha.

– Hapana, Papa Mselem, Damien akaingilia. Bale banakuja kwetu. Kobalti! Vifaru vinashuka Dar, vinapanda treni mpaka Kigoma, halafu boti mpaka Uvira.

– Kifaru kwenye boti ya Kigoma? Na mbuzi watakaa wapi?

– Mbuzi iko juu ya kifaru. Wapi tatizo?

– Eish, Jenerali! Wewe ndiyo maana hukupewa bunduki, umepewa lango. Sikiliza nikwambie. Vile vinakuja hapa hapa Joburg, kama chuma chakavu. Siku moja utamwona mtu wa troli anateremka pale kwenye robot, kabeba makopo, maboksi, na mzinga juu yake, anaupeleka kwenye mizani!

Nilikuwa naandaa pingamizi juu ya uzito unaoweza kubebwa na troli, mlango wa saluni ukafunguka. Célestine alitoka, kitana kimechomekwa nyweleni, mkononi ana karatasi zilizobanwa pini. Ni mwanamke wa Lubumbashi, na sauti yake huwa haina haja ya kupanda.

– Banaume, akasema. Mumelilia Ulaya vya kutosha? Wakala wa nyumba anakuja saa sita. Anataka saini ya miaka mitatu. Burhani ameenda. Mi niambieni: nitie saini, ao nifunge saluni niende kwa dada yangu Rosettenville?

Saluni ile ana miaka kumi na tisa nayo, na hulala chumba cha nyuma yake. Kila mwaka mji ukianza kuchemka na maneno ya kutufukuza wageni kusikika tena, jibu lake kwa dada yake lilikuwa moja: hapa kuna lori la Burhani.

– Tia saini! Mselem akasema. Burhani ni mtu mmoja. Wewe una mkataba ukutani, shemeji! Umesahau?

– Sijasahau.

Aliingia ndani akarudi na fremu. Nyuma ya kioo mlikuwa na ukurasa wa daftari, mwandiko wangu wa wakati ule, mwembamba na wenye majivuno, na duara la kahawa kwenye kona.

– Duara lile langu, akasema Mselem, na sauti yake ikalainika. Tuliandikia juu ya boneti ya Bi Mkubwa, mnakumbuka? Boneti bado ya moto. Burhani ndiyo kwanza kaliegesha kukingama, pua ukuta huu, mkia ukuta ule. Hata baiskeli haikupita.

– Wiki mbili, akasema Damien. Tulikula chungu kimoja wiki mbili. Na wewe ulikatala sombe ya mawese.

– Sikukataa. Nilisema kisamvu bila tui la nazi ni majani.

– Mai 2008, watu banachomewa maduka, huyu anatafuta nazi!

– Na aliipata, nikasema, kwa sababu ushahidi lazima ukamilike. Burhani aliipata kwa Mhindi mmoja Fordsburg, makopo mawili.

Tukacheka wote, hata Célestine. Alikumbuka wanawake walivyotandika turubai la harusi juu ya lori, na watoto saba ndani ya kabini wakigombania usukani. Damien alikumbuka alivyofundisha kila mmoja kupiga filimbi ya mwamuzi wa mpira, hii ambayo mpaka leo imening'inia kwenye msumari wa mlango wa saluni kwa utepe mwekundu wa nywele.

– Sijawahi kuogopa vile, akasema Célestine. Na sijawahi kucheka vile. Usiku naamka, nasikia mnabishana, nasema sawa, wako. Nalala tena.

Kisha akanikabidhi fremu.

– Soma, Kifungu. Soma pale panaposema mutanisaidia.

Nilisoma. "Mmoja wetu akishambuliwa, itahesabiwa kwamba wote tumeshambuliwa, na kila mmoja atachukua hatua atakayoona ni ya lazima."

– Endelea, akasema Damien.

– Nimemaliza. Zinafuata sahihi.

– Lori iko wapi mule?

– Halimo.

– Halimo vipi? Mselem akasimama na birika lake. Mimi miaka yote najua imeandikwa lori litaletwa!

– Hukuandikiwa hivyo. Uliona lori, ukadhani umelisoma.

– Haya, Mselem akadakia, nani aliandika "atakayoona"? Mtu akiona ni lazima alale?

Ilinibidi kukiri, na nilikiri bila kujitetea sana. Maneno yale nilikuwa nimeyachukua, karibu yote, kutoka mkataba wa ulinzi wa Wamarekani hao hao na Ulaya, kifungu cha tano. Nilikuwa kijana, nilikuwa nimetoka kuusoma, na yalinipendeza masikioni.

– Ngoja, Damien akasema polepole. Kwa hiyo hata bale hawakuandika kifaru?

– Hawakuandika. Wameandika kusaidia, na nguvu za silaha zimetajwa kuwa zimo katika hatua zinazoweza kuchukuliwa. Lakini hatua ipi, kila nchi inaona yenyewe.

– Ikiona blanketi?

– Ikiona, kwa nia njema, kwamba kinachohitajika ni blanketi, nisingependa kuwa wakili wa upande unaopinga.

– Yesu wangu, akasema Damien. Ulaya yote inalalia blanketi.

– Ndiyo maana vifaru vilikuwa na maana, nikasema. Karatasi haikuvitaja, ila vilikuwepo, mtu akipita anaviona.

– Njo vile, akakubali Célestine. Karatasi mi napanguza vumbi tu. Lori nilikuwa nafungua pazia, naliona.

Mselem hakukubali kushindwa kirahisi. Aliweka birika chini akajipiga kifua.

– Lori, siyo lori, sisi tupo! Shemeji, filimbi ikilia, dakika moja nimefika.

– Mi nusu dakika, akasema Damien. Na sare.

– Mimi sekunde kumi! Peku!

– Mi nitafika kabla haijalia. Mlinzi anasikia harufu ya fujo.

– Mimi nitakuwa nimeshawafunga kamba! Wewe utakuja kuhesabu tu!

Hapo ndipo ilipotoka sauti ya mlango wa pili. Jeanne, fundi cherehani aliyetoka Bukavu, alikuwa amekodi chumba kinachopakana na saluni wiki mbili tu zilizopita. Mashine yake iko mlangoni ili apate mwanga, na kwa saa nzima alikuwa akipinda sketi za sare za shule, akitusikiliza bila kuinua kichwa.

– Samahani, ba papa. Naweza kuuliza?

– Uliza, binti yangu, akasema Mselem kwa ukarimu mkubwa.

– Munalala wapi?

Swali lilikuwa fupi, halikuwa na utata wowote, na jibu lake lilikuwa ndani ya ufahamu wa kila shahidi.

Mselem alihamia Turffontein mwaka 2011, alipooa. Asubuhi ile ile alikuwa ametuonya kwamba huko kwake kuna mbio za farasi, na asipowahi teksi atakwama mjini. Damien alihamia juu kilimani, Observatory, kwa ajili ya chumba kisichovuja. Mimi niko Bezuidenhout Valley, kwa sababu ya shule ya binti yangu, ambaye Kiswahili anakisikia na kunijibu kwa Kizulu. Kila mmoja alikuwa na sababu nzuri; nimezipima tena na tena na sioni ya kutupa. Ila hatukuwahi kuaga. Kila Jumamosi tulirudi, tukakaa juu ya kiti hiki, tukanywa, na kwa kuwa tulirudi tulijihesabu kuwa tupo. Burhani peke yake ndiye aliyeaga watu kwa mkono, mlango kwa mlango, na kwa hiyo Burhani peke yake ndiye tuliyesema ameondoka.

– Inategemea... Damien akaanza.

Mselem aliinamisha birika juu ya kikombe changu. Yalitoka machicha.

Niliinua macho kumtazama Célestine, nikitarajia hasira. Haikuwepo. Yeye ndiye aliyekuwa akifungua pazia. Miaka yote alijua, katika madirisha tuliyoyahama, yapi yana taa na yapi yana wapangaji asiowafahamu majina, na kila Jumamosi alitusikiliza tukilinda mtaa.

– Na wewe, Jeanne? akauliza. Unalala wapi?

– Hapa, dada. Nyuma ya mashine.

– Usingizi wako?

– Mwepesi. Tangu kule kwetu.

Célestine akaishusha filimbi kwenye msumari, akaipanguza kwa aproni, akaenda kuifunga kwa utepe wake kwenye shingo ya ile cherehani.

– Na wewe dada, ukisikia kitu? Jeanne akauliza. Filimbi utakuwa umenipa mimi.

– Nitagonga ukuta. Mara tatu.

Kisha akarudi kwetu akanyoosha mkono.

– Kifungu, kalamu.

Aliziweka karatasi za pango juu ya kioo cha fremu, akafuta pale palipoandikwa miaka mitatu, akaandika mmoja, akatia saini. Nilitaka kumwambia kwamba badiliko la aina hiyo halina nguvu mpaka upande wa pili nao uweke herufi zake pembeni. Nikaona si la lazima kwa wakati ule.

Alinirudishia kalamu, akachukua fremu yake, akaingia ndani. Tulibaki watatu juu ya kiti cha Burhani, vikombe vitupu mikononi, tukitazama lile doa la mafuta. Baada ya muda, ukuta tuliouegemea ulitikisika kidogo migongoni mwetu: mara tatu, kutoka saluni, taratibu, kama mtu anayejaribu. Cherehani ikanyamaza. Kutoka upande wa Jeanne pakagongwa, mara tatu.