Mama Kaswera Berthe na picha mbili za mtoto mmoja

Tarehe 30 Juni 2003 Mama Kaswera Berthe anaacha kazi, baada ya miaka ishirini na tisa ya huduma: kwanza maternité, wanakozalia akina mama, kule Beni, halafu hapa Butembo, katika chumba chetu cha ekografi, pa kuangalia watoto tumboni. Asifiwe Mungu aliyemlinda, hata katika miaka hii ya vita.

Nani atasahau alivyopasha jeli moto mikononi mwake ili mama asishtuke na baridi, huku akiuliza habari za viazi vya kwao Masereka?

Mwaka 2001, masini ya picha za umbo zima ilipofika, Daktari Malachie alimwomba alinganishe njia mbili. Ya kwanza: mkono unatelezesha sonde, kile kichwa cha masini, polepole juu ya tumbo, masini inapanga vipande vya picha kimoja juu ya kingine, halafu sura ya mtoto inatoka. Picha safi kabisa, mais lazima mtoto atulie. Ya pili: sonde yenye moteri ndani inajigeuza yenyewe, na mtoto anaonekana palepale akicheza, ingawa kwa ukungu, na umeme unaisha mbio. Mama Berthe alipenda ya mkono. "Ile ya moteri ni ya bavivu," alikuwa akituchokoza.

Ndipo akaja Kahindo, mke wa mvuvi wa Kyavinyonge. Mkono ukiwa katikati ya tumbo, Mama Berthe akamwambia azuie pumzi, kwa neno letu la kila siku: "Bloké!" Masikini, Kahindo alilijua neno lile kwenye barrière tu, askari wanapofunga njia na kudai jeton ya malipo. Akaruka, mikono juu: "Jeton niko nayo, chef!"

Tulicheka mpaka machozi, na yeye pia. Mais picha ilipotoka, kicheko kikakatika. Shingoni mwa mtoto kulikuwa na uvimbe mkubwa. Daktari akasema lazima azalie Uganda, wanakoweza kumpasua mtoto mara moja. Na njia ile, siku zile, watu walikuwa wakiuawa humo. Mume wake, Kambere, akatoka kutafuta gari.

Mama Berthe akafanya alama ya msalaba, akaomba sonde ya moteri. Mtoto akajinyoosha, na uvimbe ukaachana na shingo, ukafunguka: vidole! Ilikuwa ngumi tu, iliyovurugika pichani mama aliporuka.

"Mukono yangu imemusingizia mutoto," akasema, halafu akaita dirishani: "Papa Kambere, acha gari!"

Tangu hapo alitufundisha: mkono kwa mtoto aliyelala, moteri kwa anayecheza. Na pahali pa "bloké" tunasema "sikiliza", maana anayesikiliza anazuia pumzi mwenyewe.

Mama Berthe, aksanti kwa yote. Bwana akupe uzee mtamu huko Masereka, na miguu ya kurudi kutusalimia. Nanyi wageni wetu, yule mtoto anayepita chini ya viti ni Kasereka, wa Kahindo, aliyezaliwa hapahapa Butembo. Musimukemee. Naye amekuja kuaga.