Radhi za Mzee Bwanaheri na Mashine za Bei

Siku ile walikuwepo Miraji, tunayemwita Mahakama, ingawa mahakamani alikwenda mara moja tu kutoa ushahidi wa mbuzi. Saidy wa bodaboda, jina la kijiweni Mkeka, kwa sababu kila wiki hubashiri mechi kumi na tatu na timu moja humchania mkeka, ndiyo karatasi yake ya kubashiri. Benedict muuza dawa za mifugo, ambaye kwa hiyo ni Daktari. Mzee Bwanaheri, mkulima wa ufuta. Na mimi mwenye birika la kahawa, na mwanangu Yasmin kalala mgongoni. Benchi letu lipo Kibiti, ng'ambo ya stendi, kwenye ukuta wa ghala. Binti wa mzee, Zuhra, aliyesoma kompyuta Dar mpaka akawa daktari wa kweli, wa shahada, alikuwa amempigia simu alfajiri. Chuo kimoja cha Ulaya kinamtaka akafanye utafiti miaka mitatu, akili mnemba na masoko, na kinataka jibu siku hiyohiyo kabla ya adhuhuri. Akasema bila radhi ya baba yake haendi. Mzee naye hakuweza kutoa radhi kwa kazi asiyoijua, maana alikuwa ameingiwa na hofu kwamba ni kamari.

Daktari: Mimi kinachoniuma ni kimoja. Miaka yote hii tunaambiwa Zuhra anasoma kompyuta, mimi najua atarudi kufungua steshenari hapa stendi. Kutoa kopi, picha za pasipoti, mambo safi. Haya masoko yametokea wapi?

Mahakama: Hata kutengeneza hajui. Idi iliyopita nilimpa simu yangu isiyoshika chaji. Akaigeuzageuza, akaniambia, "Ami, nunua betri." Huo ndio udaktari?

Mkeka: Wazee hamko mjini nyie. Dada Zuhra anaifundisha mashine kutabiri bei. Leo ufuta buku tatu, kesho buku nne, mashine inajua tangu juzi. Mkeka huohuo, ila wa wasomi.

Bwanaheri: Si ndiyo kamari hiyo sasa!

Mahakama: Tulia, mzee. Kamari lazima mtu aweke kitu mezani. Zuhra kaweka nini?

Daktari: Kaweka ujana wake. Ana miaka thelathini na nne, mume hana.

Mkeka akamkanyaga Daktari mguu kwa chini. Nilimwona. Halafu akaanza haraka kusimulia jambo jingine, mzee asipate nafasi ya kuumia.

Mkeka: Nasikia ile mashine ukisimama mbele yake inakusoma uso. Ikiona ndala zimetobolewa na miba, inajua una shida, inashusha bei palepale.

Daktari: Uso au ndala?

Mkeka: Inaanza na uso, inashuka.

Mahakama: Acheni uongo wa rejareja. Mimi nawapa jambo la kisheria. Kwenye mnada wa ufuta, bei zikishasomwa, nani anakubali? Sisi wakulima. Kwa nini?

Daktari: Kwa kunyoosha mikono.

Mahakama: Basi! Mashine inataka kuingia mnadani, lakini haina mkono. Zuhra anakwenda Ulaya kuitafutia mkono.

Bwanaheri: Mkono wa nani?

Mahakama: Hapo sheria iko kimya.

Mkeka: Ikipata mkono tumekwisha. Italima yenyewe, itavuna yenyewe, itauza, itanunua. Sisi tutakuwa tunapita tu barabarani kama mbuzi. Wahenga walisema, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mashine haina guu. Kwa hiyo haiwezi kumsikia mtu.

Daktari alitikisa kichwa kwa huzuni. Mimi nilimwona mzee anavyoitazama simu yake, nikashindwa kunyamaza.

— Baba, nikamwuliza, kwani Zuhra mwenyewe hakukueleza?

Bwanaheri: Alinieleza, mwanangu. Alinieleza muda mrefu sana. Mimi nikawa naitikia tu, "ehe, ehe," mpaka simu ikakatika. Ningemwambiaje sijaelewa? Mtoto ananiomba radhi kwa heshima ile, halafu aone baba yake mjinga?

Hapakuwa na aliyecheka. Mahakama, anayemcheka kila mtu, alimsogelea mzee.

Mahakama: Hata mimi nilimwitikia hakimu "ehe" asubuhi nzima. Nikaja kujua baadaye nimekubali kwamba mbuzi ni wangu.

Ndipo alipofika mama mmoja na kapu la kaa wakubwa, magando yamefungwa kamba. Akasalimu, akasema anaitwa Hajira, wa Kiongoroni kule delta, ametoka jana kwa mashua, akalala njiani. Mkeka alinyanyuka akampa nafasi yake, yeye akakalia pikipiki, nami nikammiminia mama kikombe cha kahawa.

Hajira: Nimepita kwa wanunuzi watatu. Wote bei moja, ya kunyonga. Haipishani hata shilingi hamsini.

Mahakama: Wamekaa kikao hao.

Hajira: Kikao kipi? Wawili hawasalimiani, mmoja kamwoa mtalaka wa mwenziwe. Na huyo wa tatu kaja juzi tu. Kila mmoja anaangalia simu yake, inamwambia bei, naye ananiambia mimi.

Kabla hatujasema neno, simu ya mzee ikalia. Saa sita kasoro. Mzee alibonyeza kipaza sauti.

— Shikamoo, baba.

— Marahaba. Zuhra, ile kazi, niambie tena. Kuna mahali sikushika.

— Mahali gani, baba?

— Pote.

Kisha tukamsikia anacheka taratibu, kicheko cha mtoto anayempenda babaye.

— Kosa langu, baba. Chukua ule mnada wetu wa ufuta. Wanunuzi wakikutana chumbani wakapanga bei, ni kosa, si ndiyo?

— Ni wizi!

— Sasa wanunuzi wengine duniani wanaiachia mashine ipange bei. Hii inaitazama ile, ile inaitazama hii, kila moja inajifunza. Siku zikipita, zote zinasimama kwenye bei moja inayomwumiza muuzaji, na hakuna aliyezungumza na mwenziwe. Mimi nachunguza zinafikaje pale.

— Kwa hiyo wewe huchezi?

— Sichezi, baba. Nawachunguza wanaocheza.

Hajira alikuwa ameshaweka kikombe chini. Akainamia simu.

— Mwanangu, mimi Hajira, sikujui hunijui, nina kaa hapa wanakaribia kunifia. Watu wakipanga bei, twawashtaki watu. Mashine zikipanga zenyewe, namshtaki nani?

Mahakama alilisogeza kapu la kaa kivulini.

— Mama, sijui, Zuhra akasema. Bado hakuna anayejua. Hilo ndilo ninalotaka kwenda kulitafuta.

Mzee Bwanaheri aliwatazama kaa kapuni, akamtazama mwenye kaa.

— Hili nimelielewa, akasema. Nenda, Zuhra, mama yangu. Radhi zangu zote unazo.

Zuhra alisafiri mwezi wa tisa. Hajira aliwauza kaa wake siku ileile, kwa bei ileile.