Waliobaki Madukani Wanakusalimu

Mgeni rasmi, mkurugenzi wa kampuni ya majengo ya maduka, na kwa umri wetu turuhusu tukuite mwanetu: karibu sana. Umeona viti mia mbili na watu kumi na mmoja. Usidhani tumekususia. Wenzetu wako kazini, na wako kazini kwa ajili yako. Tutaeleza.

HISTORIA YETU
Sisi ni wauzaji na mafundi wa barabara inayoshuka kutoka stesheni. Tulianza na meza za mbao, leo tuna vibanda vya mabati. Lakini mteja akitaka jokofu au kitanda, huenda mwendo wa saa tatu kwa basi mpaka mji mwingine, na akishafika huko hununua hata sindano. Ndiyo maana mwaka jana, tuliposikia unatafuta mahali pa kujenga maduka makubwa, tulipiga vigelegele.

KOSA LETU
Ulituma wataalamu wawili waje kuhesabu wateja. Mwenyekiti wetu, fundi cherehani tunayemwita Bi Vifungo, akasema, "Wageni hawapokelewi na mikono yenye vumbi. Fungeni wote!" Tukafunga. Tukafagia barabara, tukavaa sare, tukawaimbia humu ukumbini. Wakashukuru, wakatoka kwenda kuhesabu. Sisi tukabaki ndani tukiwasubiri wamalize, tuwaimbie tena. Kutwa nzima walihesabu mbuzi wawili na mwendesha baiskeli aliyepotea njia. Wakaandika kwamba mji huu hauna biashara.

Barua yako ya kukataa kujenga hapa ilipofika, Bi Vifungo hakula siku hiyo. Mumewe, fundi saa, akamwambia, "Mama watoto, umewafungia wateja nje kwa kufuli ya heshima."

"Cheka tu, baba watoto. Ukimaliza, nitafutie anwani ya bosi wao."

Barua zote sita ulizopokea ni mwandiko wake. Hakuziandika kwa ajili ya mji peke yake. Binti zake wawili, wauza vitambaa, wamekwisha funga mizigo wahamie mji ule mwingine. Wamempa mama yao muda mpaka leo apate jibu lako.

MAFANIKIO
Leo hakuna aliyefunga! Tangu asubuhi Bi Vifungo amepita kibanda kwa kibanda: "Atakayefunga, hata kwa kwenda chooni, nitamshona mdomo!"

Muuza ndoo akamchokoza, "Na wewe mwenyekiti, huendi kumpokea mgeni?"

"Nina sare arobaini za shule mezani, bwana wee. Akinitaka, ataniona."

MAOMBI
La kwanza, usikae kutusikiliza. Nyimbo hatukuandaa. Shuka barabarani uhesabu mwenyewe. Ukipigwa kikumbo na mkokoteni, tusamehe, halafu na mkokoteni wenyewe uutie kwenye hesabu.

La pili, ukijenga, milango itazame barabara yetu. Aliyekuja kwako kununua kitanda apite kwetu achukue shuka, na wa kwetu aingie kwako.

La mwisho, ukifika kwa Bi Vifungo, usishangae asipoinuka. Panga foleni kama wengine. Zamu yako ikifika, jibu lako mpe yeye, na useme kwa sauti. Binti zake wako hapo nyuma ya cherehani, wamekalia mizigo, wanasikiliza.

Mungu akujalie macho ya kuona na miguu ya kufika mwisho wa barabara.

Ni sisi, Wauzaji na Mafundi wa Barabara ya Stesheni.