Ndoa Kandokando ya Uchafu

Hebu niambie, ushapata kuona mtu akafungiwa darasa kwa sababu elektroni zimeoana? Basi Zubeir yamemfika. Hapa kijiweni Jadida, Wete, wanamwita Digrii: shahada ya fizikia anayo, kazi hana, ulimi ndio usiseme. Kila Ijumaa asubuhi alikuwa akisomesha tuisheni bure katika banda la kamati ya mtaa, na juzi kamati ikalitia kufuli. Mwenyekiti wake ndiye huyu Mzee Mbarouk, jina la kijiweni Idhaa, maana habari ikimpitia haitoki ndogo. Pembeni yake kakaa Jaribu, aitwaye Kesi. Alikwenda mahakamani kama shahidi, akatoka wakili. Mabruki anamimina kahawa.

— Mzee Mbarouk, kosa langu nini? Zubeir aliuliza.

— Ulisema au hukusema kwamba ndoa za ajabu hufungwa kandokando ya uchafu?

— Nilisema. But listen...

— Kakiri, Jaribu alidakia. Mabruki, weye shahidi.

— Uchafu wa madini, yakhe! Impurity! Chukua risasi, ile ya kutilia uzito wavu...

— Na risasi pia zimo, Jaribu alimnong'oneza mwenyekiti.

Zubeir akameza kahawa na tusi pamoja.

— Ukiipoza kwa baridi kali, umeme unapita humo bila kizuizi, kwa sababu elektroni zinakwenda mbilimbili. Ukitia punje ya kitu chenye usumaku, zile jozi za karibu yake zinavunjika. Simple.

— Kwa hiyo sumaku inavunja ndoa, Mzee Mbarouk alisema polepole. Sasa nafahamu. Tangu watu washike simu, talaka hazishikiki. Spika ya simu ndani mna nini? Sumaku. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe.

— Methali hiyo inahusu nini hapa?

— Inahusu simu.

Jaribu akasogea mbele, macho kayafinya.

— Mie naona mbali zaidi. Wanaouza simu na waliomsomesha huyu ni wamoja. Kwanza wanatuletea sumaku, ndoa zinavunjika. Kisha wanamleta Digrii awafunze watoto ndoa za pili, hizo za kando ya uchafu. Biashara ya milango miwili. Kwani wewe, Zubeir, kwa nini unasomesha bure? Nani anakulipa?

— Angekuwepo wa kunilipa ningekaa na nyinyi?

— Jibu la mtu aliyefundishwa kujibu.

Zubeir alitaka kuondoka. Kilichomzuia ni kumkumbuka Samiha, mjukuu wa huyuhuyu mwenyekiti, aliyenyoosha mkono siku ile bandani akauliza: mwalimu, kama hizo elektroni hazikutani, zinajuanaje? Swali hilo chuoni hakulisikia kwa yeyote. Na jina hilo, mwalimu, hakuna mwengine aliyempa.

— Sikilizeni. Zile jozi za kawaida zikivunjika, karibu na punje huzuka jozi za namna nyengine, na hizo ndizo ajabu yenyewe. Ukizitafuta elektroni zote mbili za jozi kwa nukta moja ya wakati, huzipati. Moja ipo sasa, mwenzake baadaye. Lakini zimefungamana.

— Mume mchana, mke usiku?

— Something like that.

— Hiyo si ndoa, ni zamu ya ulinzi, alisema Mabruki.

— Na mashahidi wa ndoa wanakaa saa ngapi? aliuliza Mzee Mbarouk.

— Hakuna mashahidi. Kuna hesabu.

— Ndoa bila mashahidi, na mjukuu wangu kakaa kitako anasikiliza. Halafu watu wanasema kamati ina choyo. Lisemwalo lipo, na kama halipo, li njiani laja.

Zubeir akapiga paja.

— Mzee, hiyo ndiyo fizikia yenyewe. Mmoja yupo, mwenzake yu njiani. You just said it.

Mzee Mbarouk akaweka kikombe chini kama kapewa chenye sumu.

— Mie sikusema kitu. Kesi, nilisema kitu?

— Hukusema. Anakutega. Angekuwa na nia safi angesema takataka, asiseme uchafu.

— Mngesema nimewaita watoto wenu takataka.

Muuguzi mmoja mgeni, Benedicta, aliyehamishiwa Wete karibuni kutoka bara, alikuwa kasimama na chupa yake akingoja kahawa.

— Shikamooni wazee. Samahani, nauliza tu. Binti yangu Happy yuko kidato cha nne, mtihani ndio huo unakuja. Hapa fizikia anafundisha nani?

Jaribu akamtazama Mzee Mbarouk. Mzee Mbarouk akamtazama Mabruki. Mabruki akaendelea kumimina kikombe kilichokwisha kujaa.

— Alikuwepo mmoja, Jaribu alisema.

— Yuko wapi?

— Kahama.

— Na aliyekuja badala yake?

Zubeir akasimama.

— Mwenyekiti, sikuombi radhi wala sikuombi kazi. Neno uchafu nitaliacha siku kamati itakaponipa jengine. Lakini leo, kabla ya alasiri, mlete mwalimu wa fizikia. Hamna? Basi leteni ufunguo wa banda.