Mama Émilienne na Wodi ya Watu Watatu

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika wodi ya wazazi, Mama Émilienne, mkunga mkuu wetu, anastaafu tarehe 31 Oktoba 1997. Sisi tunaobaki tumechoka, kwa hiyo maneno haya hayatakuwa marefu.

Alianza kazi mwaka 1966, hospitali ikiwa na basi, umeme, na mkuu kwa kila jambo. Kufikia mwaka 1991 basi lilikuwa limekufa, umeme ni wa kubahatisha, na wakuu walingoja amri ambazo hazikuja. Ndipo alipokata tawi la jakaranda uani, akatuonyesha kwamba tawi lina umbo la mti, na kitawi kina umbo la tawi. Akatugawa watatu watatu, kufuatana na mitaa tunakoishi. Kila watatu wawe wodi nzima: wajue kazi yote, waamue wenyewe, na wakigundua jambo wawafundishe wengine. Mimi nilicheka. Nilidhani uchovu umempanda kichwani.

Zamu ya kufua shuka ilimfikia hata daktari wetu, Athanase. Alipotukumbusha kwamba amesoma miaka saba, mmoja wetu alimjibu: "Docta, mayi haiko na diplôme. Fula tu." Kwa kuwa maji hayadai shahada, alifua, tena vibaya.

Kwa kuwa hapakuwa tena na basi la kuwaleta wazazi hospitalini, watatu wa mtaa wa Kikula walizalisha wanawake katika chumba cha kanisa, wakachemsha maji kwa makaa bila kungoja ruhusa ya mtu. Baada ya wiki moja sote tulikuwa tunachemsha kwa makaa.

Kisha ukaja mwaka 1993, wenzetu wenye asili ya mkoa wa Kasai wakafukuzwa mkoani kwetu. Mama Émilienne alikwenda kituo cha treni na beseni lake, pamoja na mkunga Germaine. Wa tatu alikuwa Christiane, naibu wake, aliyekuwa ameketi juu ya mizigo yake akingoja treni kama wenzake waliofukuzwa. Christiane alivaa aproni, akazalisha wanawake wanne palepale, kisha akapanda treni akaondoka. Hatujapata habari zake, na inatuuma.

Mwaka huu wakuu walitaka kuifunga wodi siku atakayostaafu Mama Émilienne, wakisema bila yeye haiwezi kwenda. Mwezi Septemba akatuma ujumbe kwamba anaumwa, akakaa nyumbani wiki mbili. Watoto kumi na tisa walizaliwa, na hakuna aliyekwenda kumwuliza lolote. Wakuu wakaacha mpango wao.

Juzi binti yake, Martine, alitueleza kwamba mama yake hakuwa mgonjwa; alitaka wodi ijaribiwe bila yeye. Wiki zile mbili alivaa sare kila asubuhi, akakaa mlangoni akitazama njia, aone kama tutakuja. Hatukwenda, hata kumpa pole.

Wodi itabaki wazi. Asante, mama, na utusamehe. Mungu akupe siku tulivu na usingizi wa kutosha. Jumapili tunakuja kwako sote, na hatuna swali lolote la kazi.